Nenda na Karatasi ya Vipimo: Jinsi ya Kutafuta Kifaa Saidizi Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mama alipopata kiharusi, upande wake wa kulia uligoma. Kwa miezi minne tulimbeba hapo nyumbani Manyatta, kitandani hadi uani na uani hadi kitandani, mpaka siku tuliyopigiwa simu kwamba kuna hafla na vitimwendo vinagawanywa, tumlete na kitambulisho chake. Tukampakia kwenye tuktuk. Akapewa kitimwendo kipya kinachong'aa, plastiki haijabanduliwa. Watu wakapiga makofi, picha zikapigwa, nasi tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu.

Siku ile hakuna aliyempima. Kiti kilikuwa kipana mno kwake, akawa anaegemea upande mmoja kutwa. Kitambaa cha kukalia kilibonyea katikati, na mto hakikuwa nao. Wiki ya sita, nikimwogesha, niliona doa kwenye mfupa wa kalio. Nilikuwa nimesikia kwamba kidonda cha kukaa huanza na wekundu, na hili lilikuwa jeusi kuliko ngozi yake, lina joto kidogo. Nikalipaka mafuta nikaliacha. Siku kumi baadaye kidole kingeingia. Tulikitibu kidonda kile miezi mitano.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyetusaidia hatimaye alikizunguka kiti, akakibonyeza hapa na pale, akaniambia, "Dada, hiki si kibaya. Ni cha mtu mwingine."

Tangu siku hiyo nimewasindikiza majirani, watu wa kanisani na jamaa wa mbali wakitafuta vitimwendo, magongo, miguu ya bandia, mashine za masikio na fimbo nyeupe. Njia ninayoieleza hapa ndiyo ninayowapitisha. Ni ya Kisumu zaidi kwa sababu ndiko niliko, lakini wa Kakamega, Siaya, Vihiga, Bungoma au Nakuru atapita papo hapo, majengo tu ndiyo tofauti.

Anza hospitali, usianze dukani

Madukani utapata kiti cha saizi moja kinachodaiwa kumfaa kila mtu. Hakuna kiti cha namna hiyo. Nenda kwanza hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu nawe, uulizie idara ya fiziotherapia au ya tiba ya kazi, ile inayomfundisha mtu upya shughuli za kila siku. Wao ndio watakaokuelekeza kwenye karakana ya mifupa (panapotengenezwa miguu ya bandia), kliniki ya masikio au ya macho. Kwa Kisumu, mambo mazito huishia Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Watu wa Nakuru huenda hospitali kuu ya rufaa ambayo wengi hawajaacha kuiita PGH, na wa Kakamega wana hospitali ya rufaa ya kaunti. Kule Nyakach, juu Nyabondo, kuna kituo cha ukarabati kinachojulikana sana na wazazi wa watoto wenye miguu iliyopinda. Kwa macho, Hospitali ya Macho ya Sabatia huko Vihiga hupokea watu kutoka kaunti zote hizi.

Kama ni mtoto, pitia pia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uulize kituo cha EARC. Vituo hivi vilianzishwa mwaka 1984, na kazi yao ni kumtathmini mtoto ili ijulikane anahitaji msaada gani na shule ipi itamfaa. Usisubiri afikishe umri wa darasa la kwanza. Nimeona mtoto wa miaka saba akipimwa masikio kwa mara ya kwanza maishani, mamake akilia pale benchini, kwa kuwa miaka yote hiyo alikuwa akimchapa kwa utundu.

Kabla hujatoka nyumbani, fanya kazi moja ndogo. Chukua futi ya fundi cherehani upime upana wa mlango wa mbele, wa chumba cha kulala na wa choo. Piga picha njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni. Kama unaishi Nyalenda, tope la masika liwemo kwenye hiyo picha. Kama ni Ahero, onyesha ule udongo mweusi unaoshika kama gundi, na kama ni Maragoli, onyesha mteremko. Mtaalamu akiyaona haya atakuchagulia kifaa tofauti kabisa na kile angempa mtu wa nyumba ya lami na sakafu ya vigae. Akikuuliza mgonjwa hufanya nini mchana, usijibu "hukaa tu". Sema kama anauza mboga, anachambua mchele, anaenda kanisani kwa bodaboda, analala mchana. Kifaa huchaguliwa kwa kufuata maisha ya mtu.

Usajili uanze siku hiyo hiyo

Watu wengi hutafuta kifaa kwanza, kadi ya ulemavu baadaye. Mimi nashauri zote mbili ziende pamoja, maana kadi huchukua muda na milango mingine haifunguki bila hiyo.

Mpangilio ni huu. Unatathminiwa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Hospitali nyingi hutenga siku maalumu kwa kazi hiyo, kwa hiyo uliza siku na saa kabla ya kulipa nauli. Jopo huandika ripoti, ripoti ikishapitishwa unajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, lenye ofisi katika kila kaunti. Maombi siku hizi hupitia eCitizen. Kama simu inakusumbua, nenda Huduma Centre au ofisi ya Baraza wakusaidie. Beba kitambulisho, picha za pasipoti na ripoti. Mtoto aende na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Toa nakala za kila karatasi. Ya asili usiiache mezani kwa mtu.

Mwenye kadi anaweza kuomba kifaa kupitia mfuko wa maendeleo unaosimamiwa na Baraza. Aliyeajiriwa anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kutoka KRA, kwa Sh150,000 za kwanza za kila mwezi. Mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa kila wakati aulizie Inua Jamii, zile Sh2,000 za kila mwezi, katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Na kama una ndugu ughaibuni anayetaka kukutumia kifaa, mwambie asubiri uulizie forodha kwanza, kwa sababu sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ina nafuu ya ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Nafuu hiyo huombwa mapema, kabla mzigo haujakaa bandarini ukila ada za ghala.

Ukikutana na ofisa anayekutazama kana kwamba umekuja kuomba omba, kumbuka Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010. Kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabili vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Hapo umekwenda kudai kilicho chako, kwa adabu na kwa karatasi zilizopangwa. Mtu akikutaka pesa za kando ili jina lako lipande kwenye orodha, ondoka, urudi siku nyingine ukiwa na shahidi.

Kitimwendo: vipimo vitatu na mto

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapoumia.

Mtu aketi kwenye benchi ngumu, mgongo wima, nyayo sakafuni. Kipimo cha kwanza ni upana wa makalio, nao ndio upana wa kiti. Sisi tumezoea kuongeza kidogo, kama tunavyowanunulia watoto sare za shule za kukulia. Kwa kitimwendo usifanye hivyo. Kikizidi upana, mtu hulalia upande, uti wa mgongo hupinda, na mikono haiyafikii magurudumu sawasawa. Kipimo cha pili hutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha hupunguzwa sentimita 3 hadi 6. Hicho ndicho kina cha kiti. Kikizidi hapo, ukingo hukata nyuma ya goti, naye mwenye kiti huteleza mbele kuukwepa hadi akawa anakalia kifandugu. Cha tatu ni kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, kinachoonyesha pa kuwekea nyayo. Nyayo zikiwa juu sana magoti hupanda, na uzito wote hushukia mifupa miwili ya makalio. Zikining'inia, ukingo wa kiti hubana mapaja.

Mtoto huongezewa kipimo cha mgongo na cha kichwa, na huenda akahitaji mikanda na vishikio vya pembeni. Yule ambaye hawezi kushika shingo asiwekwe kwenye kiti cha kawaida hata kwa siku moja. Chakula kinaweza kumpalia.

Sasa mto. Kiti bila mto ni nusu ya kiti, na kwa mtu asiyehisi sehemu za chini, hiyo nusu ni hatari. Sponji ya godoro la zamani huonekana laini ukiibonyeza kwa mkono, lakini ikikaliwa siku nzima hulala bapa, mifupa ikakuta ubao. Kuna jaribio ambalo wataalamu hulifanya, na kila mwenye kumtunza mtu anapaswa kulijua. Muombe ruhusa kwanza. Akiwa ameketi juu ya mto wake, ingiza vidole chini ya mfupa wa kalio, kiganja kikitazama juu. Kama ncha za vidole zinacheza juu na chini kiasi cha nusu sentimita, mto ni salama. Kama hazichezi ila unaweza kuvichomoa vidole, hiyo ni tahadhari. Kama vimebanwa hadi kuchomoa ni kazi, mto huo ubadilishwe leo.

Hata mto mzuri haukai peke yake. Anayeweza ajiinue kwa mikono, au ainame mbele kifua kikielekea magotini, kila baada ya dakika 15 hadi 30, akae hivyo dakika moja au mbili. Asiyeweza ainamishwe. Ngozi itazamwe asubuhi na jioni. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu kama nilivyoutafuta mimi. Tafuta doa lililozidi weusi kuliko ngozi ya kando, au sehemu yenye joto, au iliyokuwa ngumu kuliko kawaida. Ukiliona, mtu huyo asilikalie tena mpaka lipotee, na kama ngozi imechubuka nenda kliniki siku hiyo hiyo.

Aina ya kiti hutegemea zile picha ulizopiga. Chenye magurudumu madogo mbele huzunguka vizuri ndani ya nyumba ila huzama kwenye tope na mchanga. Cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa mbali na miguu, hupita njia mbaya bila kupinduka kirahisi, lakini ni kirefu na hakipindi kona ya korido nyembamba. Kinachokunjwa huingia kwenye tuktuk na buti ya matatu. Uliza pia gurudumu la nyuma ni la saizi gani, na kama tairi na tyubu zake ndizo zile za baiskeli. Zikiwa ndizo, fundi yeyote wa Kibuye atakuzibia pancha. Zikiwa za aina nyingine, siku zikichakaa kiti kitageuka kibanda cha kuku. Wafanyabiashara wanaokwenda mbali huipenda baiskeli ya magurudumu matatu inayokanyagwa kwa mikono, nami naipenda pia, ila ni ya barabarani. Bado utahitaji cha ndani.

Siku ya kuchukua kiti, usikubali kukabidhiwa mlangoni. Mtu akae ndani yake, mtaalamu apitie vipimo tena, mlengwa afundishwe kupanda ukingo, kushuka mteremko, kuhamia kitandani na kurudi. Wewe unayemsukuma ufundishwe pia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2008 kuhusu vitimwendo, liligawa huduma hii katika hatua nane, na kukabidhi kiti ni sehemu ndogo tu ya safari hiyo. Ya mwisho ni kukifuatilia na kukitengeneza. Uliza tarehe ya kurudi, na uiandike.

Nyumbani, fundi wa mawe akikujengea mteremko mlangoni, mpe hesabu hii: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja hufanya 30, kwa hiyo mteremko uwe wa mita 3 na sentimita 60. Fundi atakwambia ni mrefu mno, ataufupisha ili kuokoa saruji. Mkatalie. Mteremko mkali humrudisha mtu kinyumenyume.

Magongo na miguu ya bandia

Magongo ya kwapani ndiyo yanayoazimwa ovyo zaidi mitaani. Kati ya kwapa na gongo pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu, na kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono uliolegezwa. Uzito ukae kwenye viganja. Anayening'inia kwa kwapa hubana mishipa ya fahamu, na baada ya wiki kadhaa vidole hufa ganzi. Tazama raba za chini kila mwezi. Zikiisha, chuma kwenye sakafu yenye maji ni kuanguka tu. Raba mpya ni bei ndogo, na mafundi wetu wa jua kali huweza kuchonga kutoka tairi kuukuu.

Waliokatwa mguu, na bodaboda na kisukari vinatuletea wengi, hudhani watapewa mguu wa bandia wakitoka tu wodini. Kidonda lazima kipone kwanza, kisha kigutu kifungwe bendeji vizuri kila siku ili uvimbe uishe na kipate umbo. Mguu ukitengenezwa kabla ya hapo, baada ya miezi michache utakuwa unapwaya. Wakati huo wa kungoja, usimwekee mto chini ya goti hata akisema ndiko kupata raha. Goti au nyonga likizoea kukunjwa, baadaye halinyooki, na mguu wa bandia hauwezi kumkaa. Mkumbushe pia kwamba soksi ya kigutu hufuliwa kila siku. Mtoto atahitaji mguu mwingine kila anapokua, hivyo panga mapema. Chama cha Watu wenye Ulemavu wa Viungo nchini, APDK, kimekuwa kwenye kazi hii tangu 1958. Uliza karakana ya hospitali yako kama wanashirikiana nao.

Masikio

Sikio linalotoa usaha litibiwe kwanza. Nta itolewe. Kisha apimwe usikivu kwa mashine, kila sikio peke yake, na matokeo uyabebe kama unavyobeba kadi ya kliniki. Mashine ya masikio inayouzwa mitaani bila kipimo hukuza kelele zote sawasawa, na mzee huiweka kwenye droo baada ya siku tatu akisema soko lote limehamia kichwani mwake.

Mashine nzuri hurekebishwa kwa kipimo chako, na ile sehemu inayoingia sikioni hufinyangwa kwa umbo la sikio lako. Ikipiga mluzi, mara nyingi haijakaa vizuri au sikio limekua. Mtoto mdogo hubadilishiwa sehemu hiyo mara kwa mara. Betri zina rangi: njano ni namba 10, rangi ya chungwa 13, kahawia 312, buluu 675. Ukijua rangi yako hutauziwa isiyo yako. Ukishabandua kile kibandiko, iache dakika moja ivute hewa kabla ya kuitia. Usiku toa mashine, fungua kijumba cha betri, iweke kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko, kwa maana unyevu wa kando ya ziwa huzila mashine hizi haraka.

Neno kwa wazazi wa mtoto kiziwi. Msingoje mashine ndipo mtoto apate lugha. Jifunzeni Lugha ya Ishara ya Kenya tangu siku mnayoambiwa, nyote wa nyumba hiyo. Kuna shule za viziwi Maseno, Mumias na Nyang'oma, na Nakuru kuna Ngala. Walimu na vijana waliosoma huko ndio watakaowafundisha vizuri zaidi. Mashine ikija baadaye, ije kuongeza.

Macho, na simu iliyo mfukoni tayari

Anza na daktari wa macho, maana wengi tunaowaita vipofu wana mtoto wa jicho anayeweza kutolewa, au wanahitaji miwani na kioo cha kukuza tu. Wazee wengine huona haya kusema wanahitaji kifaa. Huwa nawaambia kwamba miwani pia ni kifaa saidizi, na ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanaohitaji kifaa kimoja au zaidi. Hapo mzee hucheka na kunyoosha mkono apimwe.

Asiyeona apate fimbo nyeupe inayofika kwenye mfupa wa kifua anaposimama, na afundishwe kuitumia na mtu aliyesomea kazi hiyo. Uliza kupitia shule za wasioona, kama Kibos hapa Kisumu au St. Oda kule Aluor, Siaya. Barabara ya Kondele yenye bodaboda zinazopanda vijia vya miguu si mahali pa kujifunzia peke yako. Mtoto apelekwe mapema ajifunze breli, hata kama simu inasoma kila kitu. Mtu anayesikiliza tu hajui maneno yanavyoandikwa.

Simu sasa. Karibu kila simu ya Android ina TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, na haina malipo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, uiwashe. Simu itabadilika tabia, kwa hiyo usishtuke. Ukigusa mara moja inakutajia jina la kitu, ukigusa mara mbili haraka inakifungua, na kupandisha au kushusha ukurasa hutumia vidole viwili. Weka njia ya mkato ya vitufe vya sauti, vyote viwili vibanwe kwa sekunde kama tatu, ili iwashwe na kuzimwa bila kutafuta. Mpe mwanafunzi saa moja kila siku kwa wiki nzima, mwanzoni apige na kupokea simu tu, halafu ujumbe, M-PESA iwe mwisho. Anapoweka namba ya siri atumie spika za masikioni, la sivyo dukani kila mtu ataisikia. iPhone ina VoiceOver, ya kazi hiyo hiyo. Kwenye kompyuta ya Windows pakia NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, nayo hutolewa bure. Usimnunulie mwanafunzi programu ya maelfu kabla hajaijaribu hiyo.

Kwa asiyesikia vizuri kuna Live Transcribe ya Google, inayoandika maneno unayoyasema kwenye skrini, Kiswahili kikiwemo. Hutaka mtu azungumze polepole na karibu. Mama mmoja wa Mamboleo huitumia kwenye kikao cha chama chake, simu ikizungushwa kwa kila msemaji, na wenzake wamezoea.

Pesa, hafla na kungoja

Andika barua ya maombi ukiambatanisha kadi na karatasi ya vipimo vilivyosainiwa na mtaalamu. Peleka nakala kwa Baraza, kwa ofisi ya kaunti, kwa ofisi ya mbunge, na kwa kanisa au msikiti wako. Kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, hivyo barua iliyoingia mapema ina nafasi kuliko ile ya Mei, bajeti ikiwa imekwisha. Rudi kuuliza kila mwezi. Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003, kwa hiyo ofisa anayekujibu kwa fomu za zamani muulize kwa upole kama bado zinatumika.

Na ukiitwa kwenye hafla ya kugawa vifaa, nenda. Sitaki mtu akatae kiti kwa sababu ya kisa changu. Nenda na ile karatasi ya vipimo mkononi, muone anayegawa kabla sherehe haijaanza, muombe kiti cha upana ulioandikwa. Ukiambiwa saizi ni moja, kipokee, ukipeleke kwa mtaalamu wako wiki hiyo. Kiti kipana mara nyingi hupunguzwa kwa vibao vya pembeni na mto mzuri. Kilicho chembamba hakirekebishiki. Hicho mpe anayelingana nacho.

Fundi wako

Mtafute kabla kitu hakijavunjika. Wa baiskeli atashughulikia tairi, spoku na beringi, wa kuchomelea atashika fremu, na fundi viatu hushona mikanda na kitambaa cha kiti kuliko fundi nguo. Kila wiki futa tope kwa kitambaa kibichi, kamua maji, tia tone la mafuta kwenye magurudumu ya mbele, zijaribu breki. Kila mwezi kaza nati zote. Uzi wa nywele unaojisokota kwenye gurudumu dogo la mbele ndio unaolifanya likwame, nao hutolewa kwa wembe.

Kile kiti cha kwanza cha Mama tulikirudisha kwa yule mtaalamu. Kilikaa karakana wiki tatu, kisha akatokea baba mmoja wa Nyamasaria, mwenye mwili mkubwa, vipimo vikalingana sentimita kwa sentimita. Aliongezewa mto, pa kuwekea nyayo pakashushwa tundu mbili. Nyuma ya kitambaa cha mgongo tuliandika kwa kalamu isiyofutika upana, kina, urefu wa mguu, tarehe ya kurudi kliniki, na namba ya simu ya fundi wa Kibuye.